Kumfundisha mnasihi kunyamaza: shajara ya muhula mmoja

Naiandika shajara hii kwa wenzangu wanaofundisha unasihi, hasa anayetaka kuijaribu njia hii bila kujikwaa nilipojikwaa mimi. Wanafunzi wamekubali niandike habari zao, nami nawataja kwa namba. Mengine nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Gharama naihesabu kwa saa, maana vifaa vyote tulikuwa navyo tayari: simu za kurekodia, karatasi, viti na chumba kinachofungika mlango.

10 Januari 2025: Ninapoanzia

Kwa miaka sita nimelifundisha somo la stadi za unasihi kama nilivyofundishwa mwenyewe: nadharia wiki kumi, mazoezi wiki nne za mwisho. Mwaka jana, kwenye mtihani wa vitendo, nilikaa nyuma ya chumba nikiangalia saa. Akaingia mwanafunzi ambaye wiki moja tu kabla alikuwa amenieleza, bila kukosea, yale masharti sita ya mabadiliko aliyoyaandika mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers mwaka 1957. Akaketi mbele ya mteja wa kuigiza, akamsikiliza kama dakika moja na nusu, kisha akasogeza kiti mbele: "Sasa nisikilize. Unachotakiwa kufanya ni hivi..." Waliomfuata, wengi walifanya yaleyale.

Si kwamba hawakusoma. Walijua fika mnasihi hapaswi kufanya nini. Walichokosa ni kujisikia wenyewe wakati wanakifanya. Na sidhani jina la kazi yetu linatusaidia. Mnasihi ametokana na nasaha, na nasaha ni mawaidha. Wengine humwita kabisa mshauri. Umwite mtu mshauri, umpe cheti cha ushauri, halafu umwambie asishauri!

Muhula huu nina wanafunzi 14, wiki 14, vipindi viwili vya saa mbili kila wiki. Nadharia nimeishusha hadi theluthi moja ya muda. Tiba ya Gestalt, mojawapo ya mikondo ya tiba ya kisaikolojia, nimeiacha yote, na mwanasaikolojia Alfred Adler nimembakizia kipindi kimoja, jambo linaloniuma kwa sababu nampenda. Muda uliobaki ni wa rekodi: kila mwanafunzi atarekodi mazungumzo yake, atayanukuu neno kwa neno, kisha tutayachambua pamoja. Ni hayo tu. Hakuna kifaa kipya wala programu maalumu.

24 Januari: Stadi ndogondogo, na sentensi za kuazima

Wiki mbili za kwanza nimefuata njia ya Allen Ivey na wenzake, ambao katika miaka ya 1960 waliikata kazi ya unasihi vipande vinavyofundishika kimoja kimoja: kumwelekea mteja kwa macho na mwili, kuuliza swali la wazi, kurudia kiini cha maneno yake, kuakisi hisia, kufupisha. Unaonyesha stadi moja, mwanafunzi anaijaribu kwa dakika tano huku anarekodiwa, mnaisikiliza, anarudia. Wanakaa watatu watatu: mteja, mnasihi, mtazamaji, kisha wanabadilishana. Sehemu hii haina maneno mengi. Inafanya kazi.

Tulikwama kwenye kuakisi hisia, na kosa lilikuwa langu. Niliwapa karatasi ya vianzio vya sentensi niliyoitafsiri miaka mingi nyuma: "Ninasikia ukisema kwamba...", "Inaonekana unahisi..." Wakavishika kama kasuku. Namba Nne alikuwa na mteja aliyesema:

"Tangu aondoke, nikirudi nyumbani nakaa tu kwenye gari. Siingii ndani."

Namba Nne akatazama karatasi, akasema: "Ninasikia ukisema kwamba unahisi huzuni."

Mteja akasita. "Eeh... ndiyo. Huzuni." Mazungumzo yakafia hapo. Nilipomuuliza mteja baadaye ilikuwaje, akajibu kwamba alijiona kama anajaza fomu.

Tuliirudia rekodi mara tatu ndipo nikaelewa. Kwanza, hicho si Kiswahili cha mtu yeyote. Hakuna anayemwambia rafiki yake "ninasikia ukisema". Pili, neno "huzuni" limefunika kila kitu kama turubai: gari, mlango, mtu aliyeondoka, vyote vimepotea chini yake. Sisi hisia tunaziweka mwilini. Moyo ni mzito, roho inaruka, mwili umekufa ganzi, kichwa kimejaa, nimeishiwa nguvu, sina amani. Nikaichana karatasi yangu mbele yao (kwa mbwembwe kidogo, nakiri), tukatumia kipindi kizima kukusanya jinsi watu wanavyosema kweli wakiwa wameelemewa. Ubao ukajaa. Kisha tukapanga kwa uzito, maana kukereka si kughadhibika, na wasiwasi si kiwewe, na mnasihi anayepandisha neno ngazi mbili juu ya alilosema mteja anamtisha.

Kipindi kilichofuata mteja yuleyale akasema sentensi yake ileile. Namba Nne akakaa kidogo, akasema: "Hapo mlangoni ndipo panapokuwa pazito."

Kimya. Kisha mteja: "Nikiingia, ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba hayupo."

Jambo la pili lililotuchelewesha ni "pole". Silipigi marufuku, ni neno jema. Lakini likiwahi kutoka linafunga mlango. Mteja akiambiwa "pole sana", adabu inamlazimu ajibu "asante, nimeshapoa," na akishasema amepoa, mtu mwenye haya atarudije kwenye kidonda? Tumekubaliana pole iwe moja, isemwe taratibu, na baada yake mnasihi avute pumzi tatu kabla ya neno jingine. Hiyo ya pumzi tatu niliitunga papo hapo bila kufikiri sana. Mpaka sasa imekaa.

Gharama: vipindi viwili nje ya ratiba.

7 Februari: Kunukuu neno kwa neno

Wakilalamika kwamba kunukuu kunachosha, nawakumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika chuo kikuu cha Jimbo la Ohio, Rogers na wanafunzi wake walirekodi mazungumzo ya tiba kwenye santuri ambazo ilibidi zibadilishwe kila baada ya dakika chache. Mwaka 1942 akachapisha tiba ya mteja mmoja, neno kwa neno, tangu mazungumzo ya kwanza hadi ya mwisho. Kabla ya hapo, tiba ilijulikana zaidi kwa jinsi mtabibu mwenyewe alivyoikumbuka.

Na kumbukumbu inapiga pasi. Nukuu za kwanza zililetwa kwangu zimenyooka, hazina kunyanzi. Ya Namba Saba ilikuwa kurasa mbili za Kiswahili sanifu, mteja na mnasihi wakipokezana kama wasomaji wa taarifa ya habari. Nikasikiliza rekodi yake: amemkatiza mteja mara nne. Kwenye karatasi hakuna hata moja. Nilimwita nikamwonyesha, akashtuka kweli. Hakukusudia kudanganya. Mkono wake ulinukuu alichodhani amesema. Huyu Saba, niseme mapema, ndiye mwenye alama za juu kuliko wote kwenye nadharia.

Marekebisho yalikuwa haya. Badala ya mazungumzo yote ya dakika thelathini, wananukuu dakika tano tu. Kila kimya kinaandikwa kwa sekunde kwenye mabano. Kila "eeh", kila cheko, kila kukohoa kunaingia. Mnasihi akimkatiza mteja, panawekwa mkwaju (/). Kisha mwenzako anachukua dakika moja ya rekodi yako, chochote atakachopenda, anahakiki neno kwa neno. Karatasi ina safu nne: alichosema mteja, nilichosema mimi, kilichonipitia wakati huo, na ambacho ningeweza kusema.

Safu ya tatu niliiweka kama nyongeza tu. Sasa ndiyo somo lenyewe. Hiki ni kipande cha Namba Tisa:

Mteja: Mama yangu hajanipigia tangu mwezi ule wa... (sekunde 2) sijui hata kama ana...
Mnasihi: / Na kaka zako wanasemaje?
Mteja: (sekunde 1) Kaka zangu wako sawa tu.

Kwenye safu ya tatu ameandika: "Aliposema mama, tumbo likanishika. Na mimi sizungumzi na mama. Nilitaka tutoke hapo haraka."

Nilikaa na mistari hiyo miwili muda mrefu. Swali la kaka zake, ukilisoma peke yake, ni zuri: la wazi, la familia, limeulizwa kwa sauti ya upole. Mtazamaji alilipa alama kamili. Ila kazi yake halisi ilikuwa kumtoa mnasihi nje ya chumba. Darasa likaanza kuziita sehemu kama hizo vichochoro, na sasa kila mmoja anaweka alama ya K pembeni pale alipochepukia. Swali ndilo kichochoro kinachopitwa zaidi. Ushauri unafuata, kisha pole, kisha "hata mimi yalinikuta."

Gharama: dakika tano za rekodi zinamla mwanafunzi mgeni saa nzima hadi saa moja na nusu. Mimi natumia dakika 40 kwa kila nukuu, kusikiliza na kuandika maoni. Mara 14, ni zaidi ya saa tisa kwa duru moja, na nimepanga duru nne. Nilijaribu kupunguza kwa kusikiliza tu dakika mbili ambazo mwanafunzi mwenyewe amezichagua. Ujinga mtupu: walinichagulia maua. Sasa ananichagulia moja, nami nachagua nyingine kwa kubahatisha.

21 Februari: Ajali

Hapa naomba anayetaka kuiga asome taratibu.

Wateja wa kuigiza walikuwa wameanza kunikera. Wanalia mapema mno, wanapona mapema mno, na matatizo yao yanafanana na tamthilia. Nikawaambia: kuanzia leo, anayekaa kiti cha mteja alete jambo lake la kweli. Sikuweka mpaka wowote.

Namba Kumi na Mbili alianza na uchovu wa kazi. Mnasihi wake alikuwa Namba Mbili, ambaye wiki hiyo alikuwa ndiyo kwanza amegundua nguvu ya kunyamaza. Alifanya kila kitu nilichomfundisha, akakifanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Kwenye dakika ya sita Kumi na Mbili akawa anazungumza juu ya mtoto aliyempoteza, jambo ambalo hakuna aliyelijua darasani. Nikatazama saa. Zimebaki dakika nne, na darasa lingine limeshasimama mlangoni. Nikasema, "Ahsante, tutaendelea wiki ijayo."

Maneno hayo bado yananichoma. Ndicho kichochoro changu, nikakipita mbele ya watu 14.

Usiku akaniandikia kwamba halali. Hapo ndipo mtego ulipobana: mimi ndiye mwalimu wake, natoa alama zake, na muhula ukiisha nitashiriki kuamua kama anafaa kuingia kwenye mafunzo kazini. Siwezi kuwa mnasihi wake, na maadili ya fani yetu hayaruhusu. Ilibidi nianze kumtafutia mtu wa nje usiku huohuo, kazi ambayo ilipaswa iwe imefanyika mwezi mzima kabla. Alikubali kwenda. Alikosa wiki moja, akarudi, na aliporudi alitaka yeye mwenyewe aliambie darasa nini kilikosewa. Alinisema kwa heshima, lakini alinisema.

Taratibu tulizoziandika pamoja naye ni hizi. Jambo linaloletwa kwenye kiti cha mteja ni la kweli, ila uzito wake usizidi tatu katika kumi kwa kipimo cha mwenye jambo: jirani anayepiga kelele, sawa, ndoa inayovunjika, hapana. Yeyote kati ya watatu anaweza kusema "basi", na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kwa nini. Robo saa ya mwisho haianzishwi zoezi jipya. Aliyekuwa mteja anahama kiti, anataja jina lake, anatuambia jambo moja atakalofanya akitoka hapa. Hilo la kuhama kiti lilionekana la kitoto, lakini waliolidharau ndio sasa wanaolidai. Yaliyosemwa kwenye kiti cha mteja hayaingii kwenye alama wala kwenye uamuzi wowote juu ya mtu. Na jina la mnasihi wa nje linatolewa siku ya kwanza, kabla ya zoezi la kwanza.

Wiki hiyohiyo rekodi moja ilitumwa kwa bahati mbaya kwenye kundi la simu la darasa. Ilikaa dakika tano kabla ya kufutwa. Tangu hapo rekodi haitumwi kwa njia yoyote: inakaa kwenye simu ya mwenyewe yenye nywila, naisikilizia hapohapo kwenye simu yake, na inafutwa ndani ya siku 14. Fomu ya ridhaa tumeiandika upya ieleze nani atasikiliza, wapi na mpaka lini. Ile ya zamani ilisema tu "kwa matumizi ya kitaaluma", maneno yanayoweza kubeba chochote.

7 Machi: Nani ashike kitufe

Duru ya pili ya nukuu imeisha. Safu ya tatu imeanza kukauka: wanaandika "nilikuwa nafikiria swali linalofuata", wote, kila mstari. Nikarudi kwa Norman Kagan. Huyu, katika chuo kikuu cha Jimbo la Michigan miaka ya 1960, aligundua kwamba mtu akiiona video yake mwenyewe muda mfupi baada ya tukio, anakumbuka kwa kina ya kustaajabisha yale yaliyompitia kichwani wakati ule. Akaijengea njia ya kufundishia: mnarudia rekodi, mnasimamisha, mwenye rekodi anasimulia yaliyokuwa yakiendelea ndani.

Nilijaribu na watu watatu, nikaharibu wote watatu. Nilishika simu mimi, nikawa nasimamisha ninapoona kosa: "Hapa kwa nini ulisema hivi?" Kwa Kiswahili "kwa nini ulisema hivi" ni swali la polisi. Namba Sita alijitetea dakika ishirini. Namba Kumi na Moja alikubali kila nilichosema, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa nimeisahau nusu ya njia yenyewe. Anayeongoza zoezi hapaswi kutathmini wala kufundisha; yeye ni mwulizaji tu, na kitufe anakishika mwenye rekodi. Anasimamisha pale anapokumbuka kitu. Maswali yangu nikayapunguza hadi manne, nikayaandika kwenye kadi ili nisichepuke: Nini kilikupitia hapo? Mwilini ulisikia nini? Kuna jambo ulitaka kusema ukalimeza? Unadhani yeye alikuonaje?

Hilo la kulimeza ndilo lililofungua watu. Namba Sita aliporudia zoezi alisimamisha rekodi mahali ambapo mimi nisingesimama kamwe, kwenye "mhm" moja tu. "Hapa nilimwogopa," akasema. "Ni mtu mzima kama baba yangu. Nilitaka kumuuliza kama anakunywa, nikaona nitamvunjia heshima, nikasema mhm." Tukakaa hapo nusu saa. Anaulizwaje mtu mzima jambo la aibu na kijana wa umri wa mwanawe? Sita akatunga mwenyewe: "Mzee, naomba ruhusa niulize jambo ambalo pengine si la umri wangu kuuliza." Wiki iliyofuata aliitumia. Aliyekaa kiti cha mteja alicheka kwanza, kisha akajibu.

Gharama: saa moja kwa mtu. Nimeweza watu wanane tu. Sita waliobaki wanafanyiana wenyewe kwa kadi, na inakwenda, ingawa wanahurumiana mno.

21 Machi: Nilijirekodi mimi

Wazo lilikuwa la Namba Tisa. "Mwalimu, na wewe je, nukuu yako iko wapi?" Alisema kwa utani, lakini darasa halikucheka sana.

Kwa ridhaa ya Namba Tano nilirekodi kikao chetu cha usimamizi, yaani kile ambacho mwanafunzi ananieleza kazi yake na mteja, dakika ishirini. Nikainukuu usiku kwa sheria zilezile, na mikwaju na sekunde. Katika dakika ishirini, mimi nilizungumza karibu kumi na nne. Nilimkatiza mara sita. Kimya kirefu kuliko vyote kilikuwa cha sekunde mbili, na nilikivunja mimi. Na hiki hapa ni kipande ninachokiona hata nikifumba macho:

Tano: Nadhani sikumfikia kabisa. Nilijiona kama...
Mimi: / Sawa, sasa nisikilize. Wakati mwingine unachotakiwa kufanya...

Maneno yaleyale. Yule mwanafunzi wa mwaka jana niliyemtikisia kichwa kwenye mtihani alikuwa ananiiga mimi, pengine na kiti alisogeza kama ninavyosogeza. Harold Searles, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1955 juu ya jinsi uhusiano wa mteja na mtabibu unavyojirudia ndani ya uhusiano wa mtabibu na msimamizi wake. Nimelifundisha jambo hilo miaka sita nikidhani mtiririko ni wa kupanda tu, kutoka kwa mteja kuja kwangu. Unashuka pia.

Nilipeleka nukuu darasani, nikagawa nakala, tukaichambua kama zile zao. Tulitumia mgawanyo wa Janine Bernard wa mwaka 1979, kwamba msimamizi ana dhima tatu: mwalimu, mnasihi na mshauri wa kitaalamu. Wakanihesabia: katika kauli zangu 31, 27 zilikuwa za mwalimu. Namba Mbili akauliza kwa upole kichochoro changu kinakimbia nini. Nikajibu kwamba nikinyamaza naona kama sifanyi kazi ninayolipwa. Ikabidi niiandike hiyo kwenye safu ya tatu.

Sasa nina kanuni mbili kwa kikao cha usimamizi. Dakika tano za mwanzo naruhusiwa maswali ya kwenye kadi tu. Nikiwa na ushauri, nauandika kwenye karatasi na kusubiri. Mwisho wa kikao namuuliza kama anauhitaji. Mara nyingi ameshaufikia mwenyewe, au amefika pazuri kuliko nilipotaka kumpeleka. Mara chache anauhitaji kweli, na hapo nautoa bila kuzungukazunguka. Mwanafunzi aliyesikia mteja anataja kujiua hahitaji kadi za Kagan, anahitaji kuambiwa la kufanya sasa hivi.

4 Aprili: Alama

Mwalimu mwenzangu alikubali kusahihisha rekodi tatu bila kuona alama zangu. Tulitumia kipimo cha ngazi tano za uelewa wa hisia kilichotokana na kazi za Robert Carkhuff: ngazi ya tatu ni pale mnasihi anaporudisha kile alichosema mteja bila kupunguza, chini yake anapunguza, juu yake anamfikisha mteja kwenye alichokuwa bado hajakisema wazi. Kwenye rekodi ya Namba Nane mimi niliweka nne, mwenzangu mbili. Tulibishana saa nzima. Kumbe mimi nilikuwa nampa alama za safari yake, kwa kuwa najua alikotoka. Mwenzangu alisikia dakika tano tu, na dakika tano hizo zilikuwa za ngazi ya pili.

Nimebadilisha mfumo wote, jambo baya kufanya wiki ya kumi na mbili. Niliwaomba radhi na nikawapa uchaguzi wa kubaki na wa zamani. Wote walihama. Asilimia 60 sasa ni ya uchambuzi wa nukuu: je, umekiona kichochoro chako, umekieleza, safu ya nne ina sentensi ambayo binadamu angeisema? Asilimia 40 ni ya utendaji, inayosahihishwa na watu wawili. Juu ya hayo kuna mambo yasiyo na alama, ambayo ukikosa hupiti hata ukiwa na mia: usiri, ridhaa, na hatua za kuchukua maisha ya mtu yakiwa hatarini.

25 Aprili: Hesabu, na Namba Saba

Saa zangu nje ya vipindi: kusoma nukuu 37, vikao vya Kagan 11, kuandaa taratibu na fomu 6, usahihishaji wa pamoja 5. Jumla 59. Muhula wa zamani nilikuwa natumia kama 20. Kwa darasa la watu 14 inawezekana. Kwa 40 haiwezekani hivi, na anayetaka kuiga na kundi kubwa aanze na duru mbili, uhakiki wa mwenza kwa mwenza, na nukuu ya dakika tatu. Taratibu za Februari asizikate hata moja.

Mtihani wa vitendo ulikuwa juzi. Nilikaa palepale nyuma, na saa ileile. Watu watatu walitoa ushauri kabla ya dakika ya tatu, wawili kati yao walijigundua, mmoja akasema kabisa, "Samahani, nimekukimbilia. Ulikuwa unasema juu ya nyumba." Namba Kumi na Mbili alikaa sekunde kumi na moja bila neno mbele ya mteja aliyeinamisha kichwa. Nilihesabu, na mikono yangu ilikuwa imeshika kingo za kiti.

Wa tatu kati ya wale waliotoa ushauri, ambaye hakujigundua, ni Namba Saba. Uchambuzi wake ulioandikwa ndio bora darasani. Vichochoro vyake vyote ameviona, ameviwekea K, ameeleza na chanzo. Kisha akikaa mbele ya mtu anavipita vyote kimoja baada ya kingine, kwa sauti nzuri. Kwa mfumo wangu mpya wa alama amefaulu vizuri sana, na mfumo niliutunga mimi. Mafunzo kazini yanaanza baada ya wiki tano, na huko wateja hawataigiza. Mwenzangu anasema tumzuie muhula mmoja. Mimi kwanza nataka kusikia, na nimemwomba aje Jumanne saa nne. Nimetoa kadi zangu na karatasi tupu ya kuandikia ushauri wangu, na kitufe atashika yeye.